Sinema na mpira uani: fahamu picha, sauti na umeme kabla hujatoa hela

Kila zikikaribia sikukuu au mechi kubwa, napata maswali yale yale: "Bro, ninunue projekta gani nionyeshe mpira uani?" "Sabufa yangu inatosha watu arobaini?" "Naweza kuvuta umeme kutoka chumbani mpaka kwenye mwembe?" Mimi huwa naitwa na washkaji na majirani kufunga hii mitambo kwenye shughuli zao, kwa hiyo leo nimeamua kuyaweka yote sehemu moja. Kama uko cafe na dakika zinayoyoma, nenda moja kwa moja sehemu ya UMEME, hiyo ndio inayogusa roho za watu. Mengine yanagusa mfuko tu.

Na hamu ya kuangalia pamoja haitapungua. Septemba 2023 CAF iliwapa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa AFCON 2027, na wote tunajua si kila mtu anapata tiketi ya uwanjani.

Kitu kimoja tukielewane mapema. Sebuleni unapewa vitu vitatu bure bila kujua: giza (unafunga pazia), kuta (zinarudisha sauti) na paa (linazuia maji). Ukitoka uani unavipoteza vyote vitatu kwa mpigo. Karibu kila tatizo nililokutana nalo linatokana na hapo, na ndio maana vitu vinavyofanya kazi vizuri ndani vinakuwa kimeo nje.

1. PICHA: GIZA KWANZA, PROJEKTA BAADAE

Projekta haiwezi kutengeneza rangi nyeusi. Nyeusi unayoiona ni sehemu ambayo haikupigwa mwanga. Kama ukuta wenyewe una mwanga wa jua au wa taa ya getini, hiyo sehemu haitakuwa nyeusi hata ununue projekta ya bei mbaya.

Kwa hiyo angalia saa. Dar es Salaam jua linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika kumi hivi, kutegemea mwezi. Uzuri wa kukaa karibu na ikweta ni kwamba giza linaingia haraka, nusu saa tu baada ya jua kuzama unaweza kuwasha. Ubaya ni kwamba mechi nyingi za ligi yetu zinaanza jioni mapema, wakati jua bado lipo. Mechi kama hiyo usihangaike na projekta. Toa TV, iweke kivulini barazani au chini ya turubai, uso wake usielekee jua. TV ya inchi 43 kivulini inaishinda projekta yoyote ya uswahilini saa 11 jioni.

Sasa tuje kwenye lumeni, manake hapa ndipo watu wanapigwa. Lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka. Ukiona boksi limeandikwa lumeni 9000 na bei ni ya kutupa, tafuta neno ANSI. ANSI ni kipimo chenye utaratibu wake, kilichowekwa Marekani mwaka 1992, ambapo mwanga unapimwa sehemu kadhaa za picha halafu wanachukua wastani. Boksi lisilotaja ANSI wala ISO linaweza kuandika namba yoyote linayotaka. Projekta nyingi za bei chee ukizipima kwa utaratibu huo unakuta lumeni mia mbili au mia tatu tu.

Kuna njia rahisi ya kumkamata muuzaji. Geuza kifaa nyuma usome kinakula wati ngapi. Projekta ya taa ya kawaida yenye lumeni 3000 za ANSI inakula kama wati 250 hadi 300. Kidude kinachokula wati 50 hakiwezi kutoa lumeni 9000, umeme wa kutengeneza mwanga huo kitautoa wapi?

Hiyo haina maana kwamba kidogo hakifai. Inabidi ukitumie kwa saizi yake. Picha ya inchi 120 ina upana wa mita 2.7 na urefu wa mita 1.5, yaani eneo la mita za mraba 4. Lumeni 3000 zikigawanywa kwa 4 unapata 750 kwa kila mita ya mraba, safi kabisa usiku. Lumeni 200 zikigawanywa kwa 4 unapata 50, watu watakuwa wanakodoa macho. Lakini punguza picha iwe inchi 60: upana umekuwa nusu, eneo limekuwa robo, na mwanga kwenye kila mita umekuwa mara nne. Hapo zile lumeni 200 zinaonekana vizuri tu kwa watu kumi au kumi na tano. Kinachoharibu ni tamaa ya kutaka ukuta mzima.

Umbali nao una hesabu. Kwenye karatasi ya maelezo kuna namba ya uwiano wa kurusha picha. Ikiwa 1.5, maana yake kwa kila mita 1 ya upana unahitaji mita 1.5 za umbali. Picha ya upana wa mita 2.7 inataka projekta iwe mita 4 kutoka kwenye pazia. Pima ua wako kwa hatua kabla hujaenda dukani, sio baada.

Pazia lenyewe lisikutese. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ndio bora kuliko vyote, maana hautingishiki. Kitambaa cha mabango, kile cheupe cha plastiki wanachochapia matangazo, kinafaa. Shuka jeupe linafaa ukilikunja mara mbili, manake likiwa moja mwanga unapita unaenda kumfurahisha jirani. Ila kumbuka upepo. Pazia la mita za mraba 4 upepo wa mita 10 kwa sekunde unalisukuma kwa nguvu ya kama kilo 24, karibu nusu mfuko wa saruji. Usilifunge kwenye stendi nyembamba wakati watoto wamekaa chini yake. Lifunge juu na chini kwenye kitu kilichochimbiwa, na upepo ukizidi, lishushe.

2. SAUTI: SOGEZA SPIKA, USIONGEZE VOLYUMU

Watu wanatumia hela yote kwenye picha halafu sauti wanaokoteza. Mimi nawaambia siku zote: picha ikififia kidogo watu wanavumilia, ila mtangazaji asiposikika wanaondoka.

Ndani ya nyumba sauti inagonga kuta na dari inarudi. Nje inaondoka moja kwa moja. Kanuni ni kwamba kila ukizidisha umbali mara mbili, sauti inapungua desibeli 6. Chukua spika inayotoa desibeli 90 ukiwa mita 1. Mita 2 unapata 84. Mita 4 unapata 78. Mita 8 unapata 72. Na kuongeza desibeli 6 kunataka wati mara NNE. Yaani ili aliyekaa mita 8 asikie kama wa mita 4, unabadilisha amplifaya ya wati 50 kuwa ya wati 200, wakati huo huo waliokaa mbele masikio yanawaka.

Njia ya bei rahisi ni kutumia spika mbili au nne ndogo, uziweke karibu na watu, pembeni kushoto na kulia, kwenye usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa. Zielekeze kwenye nyumba yako, sio kwa jirani. Besi ipunguze, manake sauti nzito ndio inayopenya kuta na kumwamsha mtoto wa nyumba ya tatu, na kwenye mpira haikuongezei chochote. Kama unaonyesha sinema yenye maongezi, ongeza sauti za kati.

Namba za spika nazo zina uongo wake. PMPO haina kipimo kinachoeleweka, kila kiwanda kinaandika inachotaka. Tafuta wati za RMS. Mbinu ni ile ile ya kugeuza nyuma: sabufa iliyoandikwa PMPO 5000 lakini inakula wati 60 kwenye soketi, basi unanunua chini ya wati 60, kwisha habari.

Mambo matatu mengine yanayowasumbua wengi:

Bluetooth inachelewesha sauti. Mara nyingi ni sehemu ya sekunde, moja ya kumi mpaka tatu za kumi, lakini unaona mchezaji kapiga mpira ndio mlio unafuata. Kwenye muziki haina neno, kwenye mpira na sinema tumia waya. Ukiwa huna jinsi na unacheza faili kwenye kompyuta kwa programu ya VLC, bonyeza J kuwahisha sauti au K kuichelewesha mpaka midomo iendane. Kwa king'amuzi ujanja huo haupo.

Mlio wa "mmmmmm" kwenye spika. Chomoa chaja ya laptopu. Ukipotea, chanzo ni vifaa kupata umeme sehemu tofauti. Viweke vyote kwenye ekstensheni moja, au acha laptopu itumie betri. Kuna mafundi wanakwambia ukate waya wa ethi ili mlio uishe. USIKUBALI. Huo waya ndio unaokuokoa siku bodi ya chuma ikipata umeme.

Masikio. Desibeli 85 ndio kiwango ambacho wataalamu wa usalama kazini Marekani wanaruhusu kwa masaa 8, na kila ukiongeza 3 muda unapungua nusu. Desibeli 94 ni saa moja tu. Kuna programu za bure za simu zinazopima, sio sahihi sana ila zinakupa picha. Watoto wasikae mbele ya spika.

3. UMEME: HAPA HAKUNA KUBAHATISHA

Sehemu hii naomba isomwe taratibu. Kwenye shughuli moja niliyoitwa nilikuta kiungo cha waya kimefungwa na mfuko wa nailoni, kimelala kwenye nyasi zenye umande, watoto wanacheza peku pembeni. Niligoma kuwasha mpaka kikatolewa. Mwenye nyumba alinuna, akaniambia mbona mwaka jana walifanya hivyo hivyo na hakuna aliyekufa. Huo ndio mtego wake: waya mbovu unaweza kukaa kimya mara kumi ukisubiri siku ardhi ikilowa.

Kwanza tuondoe hofu isiyo na maana. Projekta, spika na laptopu kwa pamoja ni kama wati 350. Kwa volti 230 hiyo ni ampia 1 na nusu, plagi yetu ya fyuzi ya ampia 13 inaibeba bila shida. Tatizo linakuja mtu akichomeka birika au jiko la umeme kwenye ekstensheni hiyo hiyo, wati 2000 zingine zimeongezeka, na waya mwembamba wa bei poa unaanza kuyeyuka. Kwa hiyo:

- Ekstensheni moja nzima kutoka nyumbani mpaka kwenye kifaa. Hakuna kuunga waya kwa selotepu wala nailoni.
- Ikiwa ni ya kuviringisha, ifungue YOTE hata kama unahitaji mita 5. Ikibaki imeviringwa inapata moto.
- Soketi isikae chini. Iwe barazani au juu ya meza chini ya paa. Usiifunike na nailoni, joto linabaki ndani.
- Waya upite juu au pembeni ya ukuta, sio katikati ya njia ya watu.
- Uliza fundi kama nyumba ina kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, wanakiita RCD, cha miliampia 30. Kina kitufe cha majaribio. Bonyeza kabla ya shughuli, umeme ukatike. Usipokatika, kifaa kimekufa, ita fundi.
- Vifaa vya kukaa nje viangalie herufi IP. Namba ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IPX4 inavumilia marashamarasha, IP65 inavumilia maji ya bomba, IP67 inavumilia kuzama mita 1 kwa nusu saa. Projekta nyingi hazina kinga yoyote, tone moja zima.
- Matone ya kwanza ya mvua: zima swichi ya ndani KWANZA, ndio uanze kukusanya vifaa. Watu wanakimbilia projekta kwa sababu ina bei. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba usipange bila mpango wa kuhamia barazani.

Mtu akipigwa shoti usimshike. Zima meni swichi. Kama haifikiki, msukume waya kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu, halafu mkimbize hospitali hata kama anasema yuko poa.

Njia salama kuliko zote kwa ua mdogo ni kutotoa umeme wa ukutani kabisa: spika ya kuchaji, laptopu kwenye betri, na projekta ndogo inayotumia betri au inveta.

Tukija kwenye betri, piga hesabu kabla umeme haujakatika dakika ya 80. Betri ya volti 12, Ah 100 ina wati-saa 1200. Ikiwa ni ya kawaida ya asidi tumia nusu tu, 600, vinginevyo unaiua. Inveta inakula kidogo, zinabaki kama 510. Mzigo wa wati 350 unapata saa moja na nusu pungufu kidogo, yaani mechi haiishi, manake na mapumziko unahitaji karibu masaa mawili. Badilisha projekta kubwa na ndogo ya LED, mzigo uwe wati 200, unapata masaa mawili na nusu. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo unaweza kuitumia asilimia 80 bila wasiwasi.

Jenereta nalo likae nje, angalau mita 6 kutoka madirishani na penye watu. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala. Na usirudishe umeme wa jenereta ndani ya nyumba kwa waya wenye plagi pande zote mbili, huo ni mtego wa kifo kwako na kwa fundi wa laini.

4. CHANZO CHA PICHA NA VIFAA JANJA

Dar es Salaam matangazo ya analojia yalizimwa tarehe 31 Desemba 2012, kwa hiyo king'amuzi ni lazima. Kiunganishe kwa waya wa HDMI usiozidi mita 10. Ikiwa skrini inakuwa nyeusi ukipitia kigeuzi cha bei chee, mara nyingi ni ulinzi wa hakimiliki uliomo kwenye king'amuzi. Jaribu waya wa moja kwa moja.

Ukiangalia kwa intaneti, picha nzuri inataka kama megabiti 5 kwa sekunde. Masaa mawili ni karibu GB 4.5, angalia kifurushi chako. Na intaneti inachelewa, mara nyingi nusu dakika hivi. Jirani mwenye king'amuzi atapiga kelele za goli wakati kwako ndio kwanza kona inapigwa. Kwa mpira chagua king'amuzi, intaneti iache kwa sinema.

Sinema ni bora iwe kwenye flashi. Ukishusha cafe, chagua MP4 ya H.264, karibu kila kifaa kinaisoma. Flashi iliyofomatiwa FAT32 haikubali faili linalozidi GB 4, ndio maana linagoma wakati nafasi ipo. Jaribu faili kwenye projekta yenyewe mchana, sio watu wakishakaa.

Soketi janja na taa janja zinazowashwa kwa simu ni raha, unazima taa zote za uani ukiwa umekaa. Nyingi zinatumia Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake, na masafa hayo ndio yanapenya kuta za tofali vizuri zaidi kuliko 5 GHz. Weka ruta dirishani kuelekea uani. Zaidi ya hapo sioni sababu ya kutumia hela ya projekta kununua taa za rangi.

5. JIRANI NA SHERIA

Mtembelee jirani kabla, sio baada. Mwambie saa ya kuanza na ya kumaliza, mwalike. Halafu katikati ya shughuli nenda usimame dirishani kwake usikilize mwenyewe. Tanzania kelele ziko ndani ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Ukianza kuchukua kiingilio, hiyo sio burudani ya nyumbani tena, ni biashara. Kifurushi cha nyumbani hakikuruhusu kufanya hivyo, na vibali vinakuhusu.

KWA KUFUNGA HESABU

Ukiwa na hela kidogo, mpangilio wangu wa kununua ni huu: kwanza ekstensheni nzuri na fundi wa kukagua RCD, pili spika mbili za kuchaji, tatu projekta ya saizi ya picha unayoimudu. Wengi wanaanza na namba tatu, na hela inaishia hapo hapo.

Wadau wenye uzoefu, hasa mafundi umeme na mliowahi kufunga mitambo Mwanza, Arusha, Mombasa au Zanzibar ambako upepo una mambo yake, shusheni mchango wenu hapo chini. Na kama una projekta unayotaka kununua, andika wati zake za nyuma na ukubwa wa ua wako, tupige hesabu pamoja kabla hela haijatoka mfukoni.

Nawasilisha.